Maelezo marefu, lebo, au vipande? Njia tatu za kuandika jiolojia ya mashapo kwenye databesi

Mtu akianza kutengeneza databesi ya mashapo ya madini, yaani sehemu ambazo madini yamejikusanya, kitu cha kwanza anachouliza ni programu, Excel au Access au hiyo PostgreSQL wanayoisifia watu wa IT, na kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ile sehemu ya jiolojia, yaani madini yamekaa kwenye mwamba gani, mkanda gani, yameshikwa na nini, utaiandikaje? Kolamu za jina la eneo, wilaya, aina ya madini na namba ya leseni hazimsumbui mtu. Hii moja ndo inasumbua, na ukiikosea hata ukinunua seva ya bei mbaya utabaki na rundo la maneno ambalo huwezi kuliuliza chochote.

Njia ninazoziona watu wakitumia ziko tatu. Kuna wanaoandika maelezo marefu kwenye kolamu moja, kuna wanaobandika lebo ya aina ya mashapo wakamaliza, na kuna wanaovunja jiolojia vipande vipande kila kipande na kolamu yake. Ili tusiongee hewani tuchukue Nyankanga, lile shimo kubwa la Geita, tuliandike kwa njia zote tatu.

Kwa maelezo marefu:

"Dhahabu ipo ndani na pembeni ya ukanda wa shia unaokata BIF na dayoraiti kwenye mkanda wa grinistoni wa Geita, Kratoni ya Tanzania. Pairaiti ipo pamoja na dhahabu."

Kwa lebo:

"Dhahabu ya orojeniki."

Kwa vipande:

Jimbo: Kratoni ya Tanzania
Mkanda: grinistoni ya Geita
Mwamba mwenyeji: BIF, dayoraiti
Kinachodhibiti: ukanda wa shia
Madini yanayoandamana: pairaiti
Umri wa mwamba mwenyeji: Akiani
Umri wa dhahabu: mwishoni mwa Akiani
Aina (tafsiri): orojeniki
Tafsiri ya nani, mwaka gani: ...

(BIF kwa asiyezoea ni ile miamba ya chuma yenye mistari mistari, myeusi na myekundu, Geita ukipita barabarani utaiona kwenye vilima. Kratoni ni kipande cha bara cha zamani sana kilichotulia, grinistoni ni miamba ya zamani ya volkano iliyobadilika ikawa ya kijani, dayoraiti ni mwamba uliotokana na uji wa moto ulioganda chini ya ardhi, shia ni ukanda ambao miamba imesuguana na kukatika, pairaiti ni madini ya chuma na salfa, Akiani ni zama za zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, na orojeniki ni dhahabu iliyoingia wakati milima inajengwa.)

Sasa tuanze na maelezo marefu. Uzuri wake ni kwamba hayakulazimishi kujua usichokijua, mjiolojia akitoka porini anaandika alichokiona kwa maneno yake, akiwa na wasiwasi anaandika "inaelekea", akiona kitu cha ajabu ambacho hakina kolamu anakiandika hapo hapo. Hakuna njia nyingine inayobeba wasiwasi wa mtu vizuri kama hii. Na ukirithi ripoti za zamani, zile za Jiolojikal Savei ya Tanganyika iliyoanza 1925, zote ziko hivi, ni aya ndefu za mtu aliyetembea kwa miguu na nyundo, na kiukweli nyingi ni nzuri kuliko ripoti za siku hizi zilizojaa picha za satelaiti.

Tatizo linakuja siku unapotaka kuuliza. Bosi anakuambia nipe mashapo yote ya dhahabu Kanda ya Ziwa yaliyo kwenye BIF, unatafuta neno BIF, unapata yale yaliyoandikwa BIF, halafu yaliyoandikwa "ironstone" yanakukimbia, yaliyoandikwa "banded iron" yanakukimbia, na juu ya hapo unapata moja lililoandikwa "hakuna BIF eneo hili". Kompyuta haijui hapana. Ukiwa na mashapo 30 utayasoma yote kwa macho na maisha yanaendelea, ukiwa na 3,000 umekwisha.

Lebo ni kinyume chake. Haraka, safi, orodha ya kuchagua ina vitu 20 au 40, mtu yeyote ofisini anaweza kujaza na ramani ikitoka kila aina ina rangi yake inapendeza kwenye slaidi. Na lebo siyo kitu cha kijinga, usinielewe vibaya, lebo inakuja na mfano mzima nyuma yake. Wamarekani wa USGS, taasisi yao ya jiolojia, walitoa Buletini 1693 mwaka 1986, ile ya Cox na Singer, ambayo kila aina ya mashapo ina namba, mazingira yake ya miamba, madini yanayoandamana, alama za kutafutia, na watu wanaikamatia mpaka leo. Ukiandika namba 36a msomaji wa Peru au wa Australia anajua unaongelea mishipa ya kwatsi yenye dhahabu na salfaidi kidogo, ukiandika 36b anajua ni dhahabu ya aina ya Homestake, ile inayokaa kwenye miamba ya chuma.

Lakini sasa angalia kitu. Kwa mpangilio wa 1986 Geita, penye BIF, ingeelekea 36b, na mgodi wa Bulyanhulu wenye rifu (mishipa ya dhahabu) zake za kwatsi ingeelekea 36a, yaani makundi mawili. Mwaka 1998 mjiolojia Groves na wenzake wakapendekeza jina "orojeniki" likusanye dhahabu ya namna hii yote chini ya mwavuli mmoja, likakubalika dunia nzima, na huko nyuma zaidi watu walikuwa wanasema mesothemo kwa kufuata mpangilio wa mjiolojia Lindgren uliokuwa unapanga mashapo kwa kina na joto. Kwa hiyo mwamba ni ule ule, shimo ni lile lile, lebo tatu kwa nyakati tatu. Databesi yako kama imeandika lebo tu basi kila wanasayansi wakibadilisha mawazo wewe inabidi urudi upya porini, maana alichokiona mtu hakipo tena, kilichobaki ni hukumu bila ushahidi.

Na ukiiweka Geita na Bulyanhulu zote "orojeniki" umepoteza mambo ambayo mtafutaji madini anayataka kuliko yote. Geita anataka kujua kuhusu BIF, maana chuma kilichomo kwenye mwamba ndicho kinachosaidia dhahabu kutulia, maji ya moto yenye salfa yakikutana na chuma pairaiti inatengenezwa na dhahabu inaachiwa pale pale. Bulyanhulu anataka kujua kwamba kuna shaba ya kutosha ndani ya rifu, ndo maana mgodi ulikuwa unatoa makinikia, yale yale yaliyotikisa nchi 2017. Lebo haisemi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo vipande? Mimi niko upande huo, nasema mapema usije ukadhani sina upande, ila vipande navyo vina sheria zake na wengi wanavikosea.

Kosa kubwa ni kuchanganya kilichoonekana na kilichodhaniwa. BIF umeiona, umeishika. Shia umeipima kwa kampasi. "Orojeniki" hujaiona popote, umeifikiria. Hivi vitu visikae meza (jedwali) moja kwa hadhi moja, weka kolamu za uchunguzi upande wake, kolamu za tafsiri upande wake, na kila tafsiri iwe na jina la aliyetafsiri na mwaka, na iruhusiwe kuwa zaidi ya moja. Mtu wa 1995 kasema mesothemo, wa 2010 kasema orojeniki, wote wakae, hakuna haja ya kumfuta mzee wa watu.

La pili ni umri, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo databesi nyingi za ukanda wetu zinapoanguka. Utakuta kolamu moja imeandikwa "Umri". Umri wa nini? Chukua Lupa kule Chunya. Kwa miaka mingi watu waliandika tu Ubendiani, jina la mkanda wa miamba wa kule, wakafunga, halafu tafiti za muongo wa 2010 zikaonyesha kuna graniti pale zenye umri wa karibu miaka bilioni 2.7, na dhahabu iliyopimwa kupitia pairaiti ikatoka karibu bilioni 1.88. Mwenyeji na mgeni wanapishana zaidi ya miaka milioni 800! Ukiwa na kolamu moja utaandika ipi? Ukiandika 2.7 mtu ataiweka Lupa kapu moja na Geita, ukiandika 1.88 mtu atadhani na graniti ni za wakati huo. Kolamu mbili, basi, umri wa mwamba na umri wa madini, na ya tatu ya njia iliyotumika kupima, maana umri uliopimwa maabara na umri wa "ramani imesema hivyo" havilingani uzito.

Mkanda nao ni hivyo hivyo. Kabanga, nikeli ya Ngara, iko kwenye miamba ya mafiki na altramafiki (ile mizito myeusi yenye chuma na magnesi nyingi) iliyopenya mkanda wa Karagwe-Ankole karibu miaka bilioni 1.4 iliyopita. Bati, tantali na wolframu za Rwanda ziko kwenye mkanda huo huo, ila zenyewe zimefungamana na graniti za karibu miaka bilioni 1, na pegmataiti zake, ile mishipa ya graniti yenye chembe kubwa kubwa. Mtu akichuja kwa mkanda tu anapata nikeli na bati kapu moja na anaanza kutafuta uhusiano ambao haupo. Halafu hilo jina lenyewe la mkanda limebadilika, ripoti za zamani zitakuambia Kibarani, zikimaanisha huu wa kwetu pamoja na ule wa Kongo, mpaka 2010 ndo pakatolewa hoja ya kuvitenganisha, Kibara ibaki Kongo na huku ibaki Karagwe-Ankole. Sasa databesi inayounganisha Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na Kongo bila kolamu ya "jina lilivyoandikwa kwenye chanzo" itakuwa inaongea lugha mbili bila kujijua.

La tatu, mwamba mwenyeji. Mwadui je? Almasi iko ndani ya kimbalaiti, mwamba uliopanda kutoka chini sana kama bomba, na kimbalaiti imetoboa graniti ya kratoni. Jamaa mmoja ataandika mwenyeji ni kimbalaiti, mwingine ataandika graniti, na wote wawili wana hoja. Hapo inabidi uwe na mwamba mwenyeji na mwamba jirani, tofauti, na ueleze kwenye mwongozo wa databesi maana ya kila moja, la sivyo ukichuja graniti utakuta bomba la Williamson, ndilo hilo la Mwadui, la hekta 146, limekaa foleni moja na mishipa ya dhahabu. Kwa tanzanaiti ya Mererani shida ni nyingine, mwamba ni wa metamofiki (uliobadilishwa na joto na mgandamizo) wenye grafaiti, umekunjwa, na kinachomsaidia mchimbaji ni kujua iko sehemu gani ya mkunjo kuliko jina la mwamba lenyewe. Kwa hiyo kolamu ya "kinachodhibiti" iruhusu mkunjo, shia, ufa, mpaka wa miamba miwili, na iruhusu zaidi ya kimoja. Urani ya Mkuju River kule Namtumbo haina habari ya mkunjo, ni mawe ya mchanga ya Karoo, kundi la miamba ya matabaka, pale unataka kujua tabaka gani na maji yalipita wapi. Hakuna fomu moja itakayotosha wote kikamilifu, ukijaribu utaishia na kolamu 90 na 70 ziko tupu.

Na huo ndo udhaifu wa vipande, tuuseme wazi. Vinachosha. Mjazaji akichoka anabonyeza chochote kwenye orodha ilimradi fomu ikubali kuseviwa, na data ya uongo iliyonyooka ni mbaya kuliko aya yenye mashaka. Ruhusu "haijulikani" na iwe tofauti na "haikuangaliwa", hizo ni hali mbili kabisa, moja ina maana mtu alitazama akashindwa, nyingine hakuna aliyekwenda. Usilazimishe kolamu zaidi ya sita au saba.

Kwa hiyo ukiyaweka sambamba: kwa kasi ya kujaza lebo inashinda, maelezo yanafuata, vipande vya mwisho kabisa. Kwa kuuliza maswali vipande vinaongoza mbali sana, lebo inajibu swali moja tu, maelezo karibu hayajibu. Kwa kudumu miaka 20 lebo ndo ya kwanza kuoza, maelezo yanadumu, vipande vinadumu kama uchunguzi na tafsiri vimetengwa. Kwa kubeba mashaka maelezo yanashinda. Na kwa kubadilishana data na wenzako wa nje vipande tena, maana viwango kama GeoSciML na EarthResourceML vimejengwa kwa mtindo huo wa vipande na orodha za maneno yaliyokubaliwa, na hata kama hutavitumia leo kuchungulia orodha zao kabla hujatunga zako kutakuokolea muda.

Ninachoshauri watu wafanye ni vipande kama uti wa mgongo, kolamu moja ya maelezo kwa maneno ya mtu bila kuhaririwa, na lebo iwe ni tafsiri tu kwenye meza yake. Lakini inategemea wewe ni nani, nitarudi hapo.

Sasa programu. Excel kila mtu anayo na ndo itakayotumika mtake msitake, ila ijue tabia yake. Ukiandika 3-5 ukimaanisha gramu tatu mpaka tano kwa tani inaigeuza tarehe, wala haikuulizi. Na mashapo yenye miamba wenyeji miwili utaishia kuandika "BIF/dayoraiti" kwenye kisanduku kimoja, mwenzako ataandika "Dayoraiti, BIF", na kuchuja kumekufa. Kama lazima Excel, tengeneza shiti mbili, moja ya mashapo na nyingine ya miamba, kila mwamba mstari wake na namba ya mashapo pembeni, halafu weka orodha za kuchagua.

Access inajua kuunganisha meza na fomu zake ni rahisi, kikwazo ni kwamba inafanya kazi kwenye Windows tu na faili lisizidi GB 2, na ramani haichori. Kwa ofisi ndogo isiyohitaji ramani inatosha, wala sioni aibu kuitaja.

Shapefile, lile faili la ramani, usilitumie kama databesi, tafadhali. Jina la kolamu mwisho herufi 10, kwa hiyo mwamba_mwenyeji inakatwa inakuwa mwamba_mwe, na maandishi mwisho herufi 254, ile aya ya mzee wa 1950 inakatika katikati ya sentensi na hakuna anayekuambia. Litumie kumtumia mtu pointi za ramani, basi.

Jiopakeji (GeoPackage) ndo ninayoipenda kwa watu wengi. Ni faili moja, bure, inafunguka kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, ndani yake ni SQLite, databesi ndogo ya faili moja, kwa hiyo meza zinaunganika, unaweza kuipeleka porini kwenye simu ya Android kupitia QField na ukirudi unaisoma bila intaneti. Udhaifu wake ni watu wengi kuandika kwa wakati mmoja, hapo inagoma.

PostgreSQL na PostGIS, nyongeza yake ya ramani, ni ya pale mnapokuwa watu wengi, ruhusa tofauti, historia ya nani kabadilisha nini. Bure pia, ila inahitaji mtu wa kuilea, bekapu, masasisho, na mtu huyo akihama kwenda kampuni nyingine mnabaki mnaangaliana. Swali lile la bosi, hata ukiliongezea umbali, hapa linaandikwa mistari michache: mashapo ya dhahabu, mwenyeji BIF, umbali chini ya kilomita 2 kutoka kwenye mpaka wa graniti.

Kabla ya umbali lakini kuna koodineti. Ramani zetu za zamani ziko kwenye datumu (msingi wa kupimia koodineti) ya Arc 1960, GPS yako iko WGS84, na ukisoma moja kama nyingine pointi inahama karibu mita 300. Mita 300 inakutoa kwenye BIF inakuweka kwenye graniti, na hapo jiolojia yote uliyoisoma kutoka kwenye ramani inakuwa ya jirani. Tanzania pia imekatwa na zoni za UTM (vipande vya gridi ya ramani) 35, 36 na 37, andika zoni. Weka kolamu ya datumu ya chanzo na kolamu ya usahihi wa eneo, mita 10, mita 500, au "katikati ya kijiji", maana nusu ya mashapo ya zamani yameandikwa hivyo hivyo, katikati ya kijiji. Hili ni kweli hata kwa databesi kubwa za dunia, MRDS ya USGS kwa mfano ina pointi nyingi za Afrika ila iliacha kusasishwa kwa utaratibu tangu 2011, ichukue kama kianzio cha kutafutia na kila pointi uihakiki kwa ramani za GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, kabla hujaiamini.

Nani achukue nini basi. Mwanafunzi mwenye tasnifu ya eneo moja na mashapo 15, maelezo mazuri na kolamu nne tano kwenye jiopakeji inatosha, usijitese na seva. Kikundi cha wachimbaji wadogo chenye PML (leseni za uchimbaji mdogo) zake kadhaa, Excel ya shiti mbili, na badala ya "kinachodhibiti" andika wanavyosema wenyewe, rifu inalalia wapi, duara (shimo la kuchimbia) limefika mita ngapi, jiwe la pembeni rangi gani, hiyo ni jiolojia tosha na mjiolojia akija ataitafsiri. Kampuni ya utafiti yenye PL (leseni za kutafuta madini) tatu mpaka kumi, vipande kwenye jiopakeji tangu siku ya kwanza, mkikua mtahamia PostGIS bila kuandika upya maana meza ni zile zile. Taasisi ya nchi au mradi wa nchi kadhaa, PostGIS, orodha za maneno zenye majina ya zamani na mapya, na bajeti ya mtu wa kuilea iandikwe kabla ya bajeti ya kompyuta.

Na anayeniuliza kuhusu lebo peke yake, inafaa wapi? Ramani ya ukutani ya kumwonyesha mwekezaji kwa dakika tano, na hata hapo itoke kwenye meza ya tafsiri yenye jina la mtu pembeni, maana mwekezaji mwenye mjiolojia wake atauliza nani kasema.